Sweta Pana Zimetua Mbeya, na Zinatukaa!

Hukumu naitoa hapa hapa mwanzoni, maana nikiibana hadi mwisho nitapasuka: sweta pana za kipupwe hiki zinatukaa! Zinamkaa mfupi, zinamkaa mnene, zinamkaa mama aliyejifungua juzi na bibi mwenye wajukuu. Ndiyo, zile zile ambazo watu wanazipita sokoni wakidhani zilifumwa kwa ajili ya jitu: mabega yameteremka, kiuno hakionekani, mikono mipana, pindo limefika mapajani. Nimezishika, nimezigeuza ndani nje, nimezivaa, nimewavisha ndugu na majirani, na kila aliyejitazama kwenye kioo alibaki pale akijigeuza upande huu na upande ule. Nguo ikimfanya mwanamke ajigeuze mara ya pili mbele ya kioo, ujue imemtoa.

Mbeya mjini tuko juu takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Huku sweta si pambo, ni chakula. Kwa hiyo kipupwe kikianza kupiga, soko la Mwanjelwa hubadilika rangi. Marobota ya mitumba yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam, yakapanda barabara ya Tanzania na Zambia zaidi ya kilomita 800, yanafunguliwa, na zinamwagika sweta za kila namna: za rangi ya krimu zenye misuko minene, za kijivu zenye shingo ndefu ya kukunja, kadigani za kijani kibichi zenye vifungo vikubwa vya mbao, nyingine za rangi ya haradali ambazo ukiziona kwa mbali moyo unaruka. Na mwaka huu karibu kila unayoishika ni pana. Mtindo ulioshika Ulaya, Marekani na Korea miaka hii ndio unaotufikia sasa kwenye robota la kilo 45, na umetufikia wakati tunauhitaji kweli.

Lakini kuna neno nililisikia kila meza niliyosimama. Dada mmoja alinyanyua kadigani nzuri ajabu, akaibana kifuani, akairudisha. “Hizi ni za wale warefu wembamba wa kwenye picha,” akamwambia mwenzake. “Mimi na hipsi hizi nitaonekana nyumba.” Mwenye meza akamjibu, “Jaribu kwanza dada, kujaribu hakuna bei.” Hakujaribu. Akaondoka, na kadigani ikachukuliwa na mwingine. Iliniuma! Hofu hiyo ndiyo ninayotaka kuitoa leo, kwa sababu swali zima limeulizwa upande usio wake. Tunauliza kama mwili wetu unaifaa sweta. Tunachopaswa kuuliza ni kama hiyo sweta ilifumwa pana kwa kusudi, au ni sweta ya kawaida iliyozidi ukubwa. Hizo ni nguo mbili tofauti kabisa, hata zikiwa na upana ule ule.

Pana kwa kusudi

Wanaobuni sweta wana hesabu yao. Wanapima kifua cha mvaaji, kisha wanapima kifua cha sweta, na tofauti ya vipimo hivyo ndiyo inayoamua jinsi itakavyokaa. Sweta ya kawaida huzidi kifua kwa sentimita 5 hadi 10. Inayolegea huzidi kwa 10 hadi 15. Ikizidi kwa sentimita 15 na zaidi, hapo ndipo tumeingia kwenye sweta pana, hizi zinazotuchanganya.

Sasa sikiliza utamu ulipo. Mbunifu anayejua kazi yake akiongeza upana wa kiwiliwili, haongezi kila kitu. Tundu la shingo analiacha likukae karibu na shingo. Mshono wa bega unaposhuka kwenye mkono, mkono wa sweta anaufupisha, maana upana wa kiwiliwili umekwisha kufunika sehemu ya juu ya mkono wako. Hapo kwenye kifundo anaweka mbavu za kuvuta, ile mistari ya kusimama inayokaza, ili kiganja kitoke. Matokeo yake unapata nguo yenye nafasi kubwa katikati, lakini kule ambako mwili wa kila mwanamke ni mwembamba, shingoni na vifundoni, unaonekana. Jicho la anayekutazama linasoma shingo, linasoma vifundo, na kilichobaki linakikamilisha lenyewe kwa wema.

Sweta iliyozidi ukubwa tu haina hesabu hiyo. Shingo inaangukia bega moja, mikono inafunika vidole, kwapa linashuka hadi kiunoni. Hiyo tunaifahamu sote. Ndiyo sweta ya kidato cha kwanza! Mzazi alinunua kubwa ili ukue nayo, ukaivaa imekumeza, na hadi leo ukisikia sweta pana mwili unakumbuka ile. Nina hakika nusu ya hofu ya wanawake wa nyanda za juu kuhusu mtindo huu imeshonwa pale, kwenye foleni ya asubuhi shuleni, mikono imekunjwa mara tatu.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza sokoni ni chepesi. Ivae juu ya blauzi yako. Inua mikono yote miwili juu kana kwamba unashika chuma cha daladala. Ikipanda yote hadi kifuani, kwapa limeshuka mno, irudishe. Teremsha mikono, tazama vidole. Kiganja kikionekana chote na shingo ikikaa katikati bila kuivuta, hiyo imefumwa pana kwa kusudi, na hapo usiiachie, hata aliye karibu yako akiitazama kwa huruma!

Uzi ndio unaoamua

Kipimo cha pili kiko kwenye vidole, na hapa ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha. Kitenge kina nyuzi zinazokwenda wima na nyingine zinazokwenda mlalo, zimebanana, ndiyo maana hakivutiki. Sweta ni vitanzi. Kila kitanzi kimepita ndani ya kitanzi kingine, safu juu ya safu, na kila kitanzi kina nafasi ya kusogea. Ndiyo sababu sweta inavutika, inarudi, inafuata bega. Na ndiyo sababu uzi mmoja unaweza kuanguka kama maji na mwingine ukasimama mbali na mwili.

Shika sweta kwa mabega yake mawili, inyanyue mbele yako, iache ining'inie. Je, pindo linaelekea chini au linatanuka pembeni? Uzi mwembamba au wa wastani, uliofumwa kwa vitanzi visivyokazwa sana, hushuka chini kwa uzito wake, na ukiuvaa unashuka kutoka kifuani ukipita tumbo bila kuligusa. Uzi mnene mgumu uliokazwa hausogei. Ukiwa na kifua kikubwa, utaanzia pale kifua kinapoishia kwenda mbele na utashuka moja kwa moja, na hapo ndipo mtu anaonekana mpana kuliko alivyo. Kosa hilo ni la uzi. Mwili wa dada yule hauhusiki!

Wanaosema nguo isiyo na umbo haiwezi kumpendeza mwanamke mwenye umbo, nawapeleka pwani. Nani aliwahi kumwambia mwanamke wa Tanga au Mombasa kwamba dera halimkai? Dera ni pana kutoka bega hadi kisigino, halina kiuno, linavaliwa na wembamba na wanene, na mwanamke akipita nalo sebuleni watu wananyamaza. Uzuri wake wote uko kwenye kuanguka kwa kitambaa na mwendo wa mvaaji. Sweta pana yenye uzi mzuri ni mwenzake wa nchi ya baridi, na anayelipenda moja hana sababu ya kuliogopa la pili.

Aina za uzi nazo zina mambo yake, na mitumba imetujalia vitu ambavyo dukani tusingevigusa. Sufu ya kondoo hufyonza unyevu unaofikia karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa, kwa hiyo asubuhi ya ukungu Uyole au mvua ya Tukuyu haikushindi. Kashmiri, manyoya ya ndani ya mbuzi, ina nyuzi zenye unene usiozidi maikroni 19, wakati unywele wa binadamu mara nyingi huzidi 50. Ukiipitisha shavuni unaelewa papo hapo. Akriliki, inayotengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli, ni nyepesi, ina rangi kali za kupendeza na haisumbui kufua, ila huota vipele mapema na haifyonzi jasho.

Lebo imekatwa? Mara nyingi imekatwa. Vuta uzi mmoja mdogo kutoka kwenye mshono wa ndani, uende nao nyumbani au mwombe mwenye meza kiberiti. Sufu ikiungua inatoa harufu ya nywele zilizoungua na inabaki jivu linalosagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kubaki kidonge kigumu cheusi. Na hili halihusu uzuri peke yake. Wengi wetu tunapikia jiko la mkaa, na mkono mpana wa akriliki juu ya jiko ni hatari, kwa kuwa ukishika moto unayeyukia kwenye ngozi. Sufu haishiki moto upesi. Vyovyote ilivyo, ukienda jikoni pandisha mikono hadi kwenye kiwiko. Hata hilo linapendeza, maana mkono uliopandishwa unaonyesha kifundo.

Nimewavisha, nikaona

Nilianza na shangazi yangu, kwa kuwa ndiye aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote. Ni mama mwenye kifua, mwenye tumbo la uzazi, mwenye mwendo wa heshima, na kwa miaka mingi amevaa vijisweta vya kubana vyenye vifungo vinavyolia. Nikampa kadigani ndefu ya sufu nyembamba, rangi ya kahawa, isiyo na vifungo, pindo limepita hipsi hadi katikati ya paja. “Sasa hii si joho, mwanangu?” akauliza. Akavaa. Mungu wangu! Ncha mbili za mbele zilishuka wima kutoka shingoni hadi mapajani, zikaacha katikati utepe mrefu wa blauzi na kitenge. Mistari miwili ya wima, basi, na shangazi akawa mrefu. Kifua kikapata utulivu. Tumbo likakaa ndani ya kivuli. Hakusema neno, alichukua mkoba wake na kutoka nayo hivyo hivyo kwenda kwenye kikoba.

Mdogo wangu ni kinyume chake. Mrefu, mwembamba, mabega membamba, na siku zote amelalamika kwamba nguo zinamning'inia. Kwake ule uzi mnene niliokuonya kuuhusu hapo juu ndio dawa. Nilimpa sweta ya krimu yenye misuko mizito kifuani, shingo ya kukunja, na ghafla ana mabega, ana kifua, ana uzito wa mtu aliyesimama mahali. Misuko hutokea fundi anapovusha vitanzi vichache juu ya vingine, kitambaa kinajikunja na kuinuka, na kwa hiyo kinaongeza unene na joto kwa pamoja. Kwa mwembamba ni zawadi mara mbili.

Halafu jirani yangu, mfupi mwenye hipsi pana, mwili ambao nadhani ndio wa wengi wetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kanuni iliyo bora kuliko zote: pindo linapoishia, hapo ndipo jicho linachora mstari. Sweta ikiishia pale hipsi zilipo pana kuliko mahali pengine popote, umezipigia mstari. Tulijaribu ndefu, ikammeza miguu. Tukajaribu pana lakini fupi, inayoishia kiunoni, juu kabisa ya hipsi, ya rangi ya haradali, na hapo chumba kizima kilipiga vigelegele! Juu pana, kiuno kinaonekana kwa sekunde anapogeuka, chini kitenge kimemkaa, miguu imepata urefu wake wote. Mwanamke mfupi asiogope upana, aangalie urefu.

Mwenye mtoto mchanga naye nisimsahau. Kadigani pana ya vifungo mbele inafunguka kwa kunyonyesha, inamfunika mama na mtoto pamoja na upepo, na inakubali mwili ambao bado unabadilika wiki hadi wiki. Haimwambii arudi alivyokuwa. Inamkaa leo alivyo, na ikifika mwakani itamkaa vile vile. Nguo gani nyingine kabatini ina adabu hiyo?

Tumekwisha kubanwa vya kutosha

Wapo watakaosema huu ni upepo wa mwaka mmoja. Hapana. Ubishi kati ya sweta inayobana na sweta inayoachia una zaidi ya miaka mia moja. Katika muongo wa 1910 Coco Chanel, akiwa na duka lake kwenye mji wa pwani wa Deauville huko Ufaransa, alichukua jezi, kitambaa cha vitanzi kilichokuwa kikitumika kwa nguo za ndani za wanaume, akawashonea wanawake mavazi ya kutembea na kupumua. Wanawake waliokuwa wamezoea kufungwa kiuno kwa kamba waligundua kwamba nguo inaweza kuwafuata badala ya wao kuifuata.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1937 Hollywood ilimtoa Lana Turner katika filamu ya They Won't Forget akiwa na sweta iliyombana, na kwa takriban miaka ishirini iliyofuata sweta ikawa kifaa cha kuonyesha kifua. Mwanamke wa kawaida alipimwa kwa sweta, na mara nyingi sweta ndiyo iliyoshinda. Mpaka akaja mbunifu Rei Kawakubo wa Japani. Alionyesha kazi zake Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na mwaka 1982 akatoa sweta nyeusi, pana, yenye matundu yaliyofumwa kwa makusudi. Wengi walishtuka. Leo sweta ya aina ile imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London, na upana wake umeingia kwenye kila duka duniani. Alichokifanya ni kumwondoa mwanamke kwenye mizani. Nguo ikawa na umbo lake yenyewe, na mwili ukabaki kuwa siri ya mwenye mwili.

Ndiyo maana nasisimka hivi. Sweta ya kubana inamkaa mwanamke mmoja vizuri na kuwaumbua kumi. Hii pana haimpimi mtu. Unaingia ndani yake na siku yako inaendelea.

Na Afrika ipo ndani yake

Kuna jambo jingine linalonifanya nitake kupiga kelele barabarani. Tunazungumzia sweta kana kwamba zote zinatoka kwa wazungu, wakati Afrika Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha moheri, manyoya ya mbuzi wa Angora, na Lesotho iko karibu nyuma yake. Ule ung'avu unaouona kwenye sweta laini yenye vinyweleo vilivyosimama, ule unaoshika mwanga wa jioni, huenda ulianzia kwenye mgongo wa mbuzi wa bara letu. Umekwenda Ulaya, umefumwa, umevaliwa, umerudi kwenye meza ya Mwanjelwa. Ukiikuta moheri, inunue! Ni nyepesi mno kwa upana wake, kwa hiyo hata iliyo pana sana haikulemei, na vinyweleo vyake vinalainisha ukingo wa mwili kiasi kwamba huoni mwili unapoishia na sweta inapoanzia.

Na kazi ya kufuma nayo ipo. Laduma Ngxokolo, aliyezaliwa katika mji unaoitwa sasa Gqeberha, alifundishwa kufuma na mama yake. Alipokuwa mwanafunzi wa ubunifu wa nguo aliona vijana wa Kixhosa wanaotoka jandoni wakivaa sweta za Ulaya katika kipindi ambacho mila inawataka wavae kwa heshima. Akachukua michoro ya shanga za Kixhosa, akaifuma kwa sufu ya merino na moheri ya nyumbani, na kampuni yake ya MaXhosa leo inajulikana dunia nzima. Ninapozitazama kadigani zake ndefu pana, zile pembetatu na almasi za rangi zikishuka mwilini, naona jibu la swali letu limekamilika. Michoro ya wima inarefusha, upana unaachia, na mvaaji anaonekana ametoka kwao.

Fikiria fundi wa Mbeya mwenye mashine ya kufuma sweta za shule, mashine ile ile, akifuma sweta pana yenye michoro ya mikeka ya Kyela. Njaa ninayoisikia kwa ajili ya sweta hiyo siwezi kuieleza.

Uvae na nini?

Na kitenge, kwanza kabisa na daima. Mwanamke wa Mbeya, Njombe, Iringa na Makete amekwisha kuwa na mtindo huu kabla majarida hayajauona: sweta juu, kitenge chini, kilemba kichwani. Kinachobadilika sasa ni hesabu. Juu kukiwa pana, chini kukae. Kitenge kilichofungwa vizuri, sketi iliyonyooka, taiti au jinzi ya kubana, vyote vinafanya kazi. Pana juu na pana chini inawezekana pia, lakini hapo lazima shingo iwe wazi au sweta iwe fupi.

Wanaovaa hijabu wana bahati kubwa, maana sweta pana inawapa staha na joto kwa pamoja. Wachague shingo ya V au ya duara isiyonyanyuka, ili mtandio ulale vizuri na shingo isijazwe nguo mbili. Wanaovaa mkanda waukaze juu ya kadigani nyembamba, siyo juu ya uzi mnene, kwa kuwa uzi mnene ukikazwa unatengeneza mikunjo kiunoni. Mkufu mrefu juu ya sweta ya rangi moja unatosha kuipeleka harusini. Rangi nayo, tafadhali, usikimbilie nyeusi kwa kujificha! Haradali, kijani, zambarau na nyekundu ya matofali zinaruka kwenye ngozi yetu.

Itunze, itakutunza

Hapa nasihi kwa moyo wote, kwa sababu nimeona sweta nzuri zikiuawa kwenye kamba. Vitanzi vikilowa vinalegea, na maji yana uzito. Ukiitundika sweta pana kwa vibanio, itashuka usiku kucha hadi iwe gauni, na ule urefu uliouchagua kwa makini utakuwa umekwenda. Ifue kwa maji ya baridi na sabuni kidogo isiyo kali. Sufu usiisugue wala kuitia maji ya moto, maana nyuzi zake zitashikana na itakutoka ndogo ya mtoto. Ikamue kwa kuikunja ndani ya taulo na kuibonyeza, kisha itandaze juu ya mkeka kivulini, uipange mikono na pindo kwa umbo unalolitaka. Ikikauka ikunje, usiitundike kwenye henga. Vipele vikiota, vipunguze kwa wembe mpya, polepole, kitambaa kikiwa kimelazwa mezani.

Hukumu

Je, inampendeza mwanamke wa kawaida? Ndiyo, na kwa maoni yangu inampendeza yeye kuliko wale wa kwenye picha, kwa sababu yeye ndiye mwenye kifua, hipsi, tumbo na miaka inayoipa sweta kitu cha kuangukia. Mwenye kifua kikubwa achukue uzi mwembamba, mbele wazi, ndefu. Mwenye hipsi pana achukue iliyo pana na fupi. Mwembamba achukue misuko minene bila woga. Mfupi aangalie pindo, mrefu achukue apendayo. Na wote kwa pamoja tuikatae ile iliyozidi ukubwa tu, ile inayoficha viganja na kuangusha shingo.

Nenda asubuhi robota linapofunguliwa ukitaka kuchagua kabla ya wengine, na uwe tayari kulipa zaidi kidogo. Nenda alasiri ukitaka bei ishuke, ukikubali kuchambua. Vaa blauzi nyepesi ili uweze kujaribu pale pale, nenda na mtu atakayekuambia ukweli, na usimruhusu mtu yeyote, awe mume, dada au sauti yako mwenyewe, akuambie kwamba hizi ni za wengine. Inua mikono, tazama viganja, shika mabega ya sweta uone uzi unavyoshuka. Ikishuka vizuri, lipa, ivae papo hapo, na utoke nayo sokoni. Kipupwe kingali kibichi na meza zimejaa!